Jina Litakuja la Nani?

"Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine imegoma. Jina litakuja Rehema."

Sidhani kama kuna mtu mwenye laini ya Tanzania ambaye hajawahi kupata ujumbe wa namna hii. Aliyeutuma hakujui. Ameusambaza kwa namba nyingi kwa mkupuo, na hahitaji wote wauamini. Anamhitaji mtu mmoja tu ambaye dakika hiyohiyo alikuwa anajiandaa kutuma kodi ya chumba, mchango wa harusi, au hela ya kupalilia shamba kijijini. Kwa jinsi tunavyoishi, mtu huyo hakosekani. Mwisho wa mwezi ndiyo kabisa.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kipande cha mwisho. Kampuni za simu ziliweka utaratibu wa jina la mpokeaji kutokea kwenye kioo kabla hujaingiza namba ya siri, ili ukikosea tarakimu ushtuke mapema. Ulikuwa uamuzi mzuri, na hela nyingi zimeokolewa kwa sababu yake. Tapeli naye akaliona jina hilo akalifanya shahidi wake. Anakutajia jina mapema, unaandika namba, jina linatokea vilevile alivyosema, moyo unatulia, unabonyeza. Ile kinga tuliyowekewa ndiyo inayotutoa wasiwasi wakati tunaibiwa.

Swali langu ni hili: huyo Rehema ni nani? Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Ana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ana picha, ana mkoa na wilaya. Kama serikali inamjua mwenye kila laini, mbona ujumbe unaendelea kuja?

Nimesikia mjadala huu kwenye daladala, kwenye misiba, kwenye vikao vya ukoo. Upande mmoja wanasema sheria ikazwe, wafungwe maisha. Upande mwingine wanasema watu waelimishwe, ujinga ndio unaotuponza. Mimi sikubaliani na pande zote mbili. Naamini tumeweka ulinzi wetu wote kwenye jina la laini, wakati wizi wenyewe unatokea sehemu mbili ambazo hatuzilindi: pale laini inapouzwa, na zile dakika chache baada ya hela kuondoka.

Tuanze na ahadi tuliyopewa. M-Pesa ilizaliwa Kenya Machi 2007, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Wakati huo laini uliinunua barabarani kama vocha, ukaitumia, ukaitupa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta ulazima wa kusajili, lakini usajili wenyewe ulikuwa wa karatasi: kitambulisho chochote kilipita, na majina ya kubuni yalijaa. Ndipo tarehe 1 Mei 2019 likaanza zoezi la alama za vidole. Bila namba ya NIDA, ile ya tarakimu 20, hupati laini. Mwisho ukawekwa 31 Desemba 2019. Siku chache kabla ya hapo Rais Magufuli alisajili laini yake akiwa Chato, akatangaza muda unasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Waliopita kwenye foleni za ofisi za NIDA mwezi ule hawajazisahau. Watu walitoka majumbani alfajiri, kina mama wenye watoto mgongoni na wazee wenye fimbo, wote wakitafuta namba ili simu isizimwe.

Niliunga mkono zoezi lile na bado naliunga mkono. Mtu anayetishia wenzake kwa simu, au anayepora simu na kuitumia, sasa ana pa kuanzia kutafutwa. Lakini tuliambiwa pia kwamba utapeli utakufa, na hilo halikutokea. Ripoti za robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, zimeendelea kuonyesha majaribio ya ulaghai mkoa kwa mkoa, huku Rukwa na Morogoro zikitajwa mara kwa mara mbele ya mikoa mingine. Tarehe 13 Februari 2023 ikaja awamu nyingine ya kuzima laini ambazo hazikuhakikiwa. Ujumbe wa "ile hela" ukaendelea kuja.

Sababu ya kwanza iko chini ya mwavuli.

Nenda stendi yoyote, soko lolote, utawakuta vijana wenye fulana za rangi za mitandao, kila mmoja na kiti cha plastiki na kimashine cha kusomea kidole. Ni vijana wanaojitafutia riziki kwenye jua kali, na wengi wao ni waaminifu. Lakini angalia wanavyolipwa: kwa idadi ya laini alizosajili. Hana mshahara wa kukaa pale. Asiposajili, harudi nyumbani na hela.

Mteja anakuja, anataja namba ya NIDA, anaambiwa aweke kidole. "Haijasoma, mama. Futa jasho, weka tena." Anaweka tena. "Jaribu cha kati." Anajaribu cha kati. Mara nyingi ni kweli haijasoma, maana mikono ya mkulima, ya fundi ujenzi, ya mama anayefua nguo za watu, huwa imelika alama. Mara nyingine ilisoma tangu kidole cha kwanza. Kidole cha pili kimesajili laini nyingine, na hiyo inabaki mfukoni mwa kijana. Mama anaondoka na laini moja mkononi akiwa ameacha nyingine nyuma yake yenye jina lake kamili. Laini hiyo itauzwa kwa mtu asiyeuliza maswali. Siku itakapotumika, jina litakalotokea kwenye kioo chako ni lake yeye.

Huyo ndiye Rehema. Pengine ni bibi wa kijijini ambaye hajui hata kutuma hela bila kusaidiwa na mjukuu.

Serikali imeliona tatizo hili. Kanuni za usajili wa laini za mwaka 2020 zilimwekea mtu wa kawaida ukomo wa laini moja kwa kila mtandao, na anayehitaji ya ziada aombe kwa utaratibu. Ukibonyeza *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na nakusihi ufanye hivyo leo, kisha umfanyie mama yako na baba yako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika uifute. Mtu anayeishi kando ya lami anaweza kulifanya hilo jioni moja. Aliye kijiji ambacho duka la mtandao liko makao makuu ya wilaya atalipa nauli ya kwenda na kurudi ili kufuta kosa ambalo hakulifanya. Na asipofuta, polisi wakifuatilia laini hiyo mlango watakaobisha ni wake.

Tanzania haiko peke yake. Mexico iliweka usajili wa lazima wa laini mwaka 2009, wakati wa janga la utekaji na vitisho vya simu, na mwaka 2012 wakaufuta. Wahalifu walikuwa wameshahamia kwenye laini zenye majina ya watu wengine. Sisemi tufute wa kwetu. Nasema jina kwenye laini linamtambulisha aliyeweka kidole, na huyo si lazima awe ndiye anayeongea.

Sababu ya pili inahitaji nisimulie kidogo.

Mama yangu mdogo anauza dagaa sokoni. Si mtu wa kudanganywa kirahisi. Ukimpunguzia shilingi mia kwenye chenji anajua kabla hujafunga mkono. Siku moja alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, nakupigia kutoka huduma kwa wateja." Kijana akamweleza kwamba laini yake haijahakikiwa, itafungwa jioni ileile, na hela zake zitabaki humo. Akamwomba asikate simu ili amsaidie palepale bila kwenda ofisini.

Kisha akamwongoza hatua kwa hatua, na ni hatua hizi ninazotaka kila msomaji azielewe. Alimwambia afungue menyu ya huduma za kifedha. Achague moja. Hiyo moja ni kutuma pesa, lakini mtu anayesikiliza maelekezo hasomi kioo, anafuata sauti. "Sasa ingiza namba ya ofisi yetu." Akamtajia namba ya simu, na mama mdogo akaingiza. "Sasa ingiza namba ya uhakiki: mbili, nane, tano, sifuri, sifuri, sifuri." Akaingiza. Hicho kilikuwa kiasi: shilingi 285,000. Kisha kijana akasema neno ambalo kila nikilikumbuka damu inanichemka: "Malizia kwa namba yako ya siri, mama, lakini usinitajie mimi. Ni siri yako."

Miaka yote tumewafundisha wazazi wetu kwamba wasimtajie mtu yeyote namba ya siri. Mama mdogo hakumtajia mtu. Alifanya kila alichofundishwa, na tapeli akautumia utii huo kumthibitishia kwamba yuko mikononi mwa mtu mwema. Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema walioibiwa ni wajinga, nakataa kabisa. Yule kijana alijua kampeni za usalama kuliko sisi. Alijua kwamba zoezi la uhakiki limewatia watu hofu ya kufungiwa laini, akaichukua hofu hiyo ikawa chombo chake cha kazi. Alianza na shikamoo, kwa sababu anajua mwanamke wa umri ule hawezi kumkatia simu mtoto aliyemwamkia kwa heshima.

Alipogundua, akapiga huduma kwa wateja, ya kweli safari hii. Alisubiri muziki. Alipopokelewa hela ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa imehamishwa kwenda laini ya mtandao mwingine, kisha ikatolewa taslimu kwa wakala mkoa wa mbali. Akaambiwa aende polisi achukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Polisi wakamwambia alete taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu. Kampuni ikataka barua ya polisi. Kila mmoja alikuwa na utaratibu wake, na kila utaratibu ulikuwa na sababu. Soko lake lilifungwa siku zile kwa sababu mtaji ulikuwa ndani ya ile hela.

Sheria tunazo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Kilichozua kelele nyingi wakati ule kilikuwa kifungu cha 16, kinachohusu taarifa za uongo, na kelele zile zilikuwa na haki yake. Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu cha 12 kinachohusu ulaghai kwa kompyuta, na cha 15 kinachomgusa anayejifanya mtu mwingine. Aliyomfanyia mama mdogo yameandikwa humo. Kuongeza miaka ya kifungo hakutamtisha mtu anayejua kwamba laini aliyoishika si yake, na kwamba hela itakuwa noti mkononi kabla mlalamikaji hajamaliza kusikiliza muziki. Sheria huanza kazi baada ya RB. Tapeli huwa amemaliza kabla ya hapo.

Ndiyo maana naililia dakika. Tangu mwaka 2014 mitandao yetu ilipoanza kutumiana hela moja kwa moja, tumejivunia kasi, na nami najivunia. Mtu aliyeko Muscat anaweza kumtumia mzazi wake Pemba hela ikafika chai haijapoa. Lakini kasi ileile ndiyo inayoivusha hela ya wizi kutoka laini hadi laini. Kwa nini hela kubwa inayokwenda kwa namba ambayo mtu hajawahi kuitumia maishani mwake isikae kwanza kwa muda, tuseme saa moja, mpokeaji akiiona lakini hawezi kuitoa, na mtumaji akiwa na uwezo wa kuifuta mwenyewe kwenye menyu bila kumpigia mtu?

Najua pingamizi, nimeshalijibu mara nyingi. "Je, kama mgonjwa yuko hospitali?" Namba ya mgonjwa wako huwa si mpya kwako, umeshatumiana naye hela. Hospitali, duka na mwenye mabasi wana namba za malipo za biashara, na hizo ziachwe zipite, ila kampuni ichunguze vizuri inampa nani namba hizo, kwa maana matapeli nao wameshaanza kuzitaka. Kiasi kidogo kipite bila kizuizi. Na anayeona kizuizi kinamkera aruhusiwe kukiondoa akiwa dukani, ana kwa ana, bila kuongozwa na mtu kwenye simu. Mama mdogo angekubali kusubiri saa moja kila mara hadi mwisho wa maisha yake, kama ingemrudishia 285,000.

Uingereza, ambako laini ya kulipia kabla unaweza kuinunua bila kusajiliwa, wamepita njia nyingine kabisa. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja aliyelaghaiwa akatuma hela mwenyewe kwa mkono wake anarudishiwa na benki hadi pauni 85,000, isipokuwa kama alizembea kupita kiasi, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Mwezi huohuo benki zikaruhusiwa pia kushikilia malipo yenye mashaka kwa hadi saa 72 za ziada. Kipande cha nusu kwa nusu ndicho kinachonivutia. Aliyepokea hela ya wizi naye analipa, kwa hiyo ana sababu ya kumtazama vizuri anayemfungulia akaunti. Kwetu, sijasikia kampuni iliyosajili laini ya tapeli ikigawana hasara namna hiyo. Hasara yote ni ya muuza dagaa.

Na hapa nimtaje mtu ambaye mijadala yetu humsahau: wakala. Yule wa kwenye kibanda cha mbao, mwenye daftari na floti, yaani hela ya kufanyia miamala, isiyomtosha. Nimewahi kusimama nyuma ya mzee aliyekuja kuweka hela huku simu iko sikioni, akiitikia "ndiyo, ndiyo". Binti wa kibandani akaacha kuhesabu, akasema, "Babu, kata simu kwanza." Mzee akakasirika. Binti akakataa kuipokea ile hela hadi simu ikatwe, na ilipokatwa akamweleza taratibu, kwa heshima, kwamba hakuna ofisi inayotaka mtu aweke hela ili apewe zawadi. Alimwokoa mzee yule, na kwa kufanya hivyo akapoteza kamisheni. Mfumo wetu humlipa wakala kwa muamala uliokamilika, na muamala aliouzuia haumwingizii chochote. Kama tunataka macho ya maelfu ya watu hawa yatulinde, basi tuyalipe. Wakala anayetoa taarifa ikathibitika, apate malipo yake kama angekuwa amekamilisha muamala.

Hilo daftari nalo lina neno. Unaandika jina, namba ya simu, kiasi, unatia saini, na anayefuata kwenye foleni anasoma mistari yote iliyo juu ya wake. Ndivyo ilivyo pia getini kwa walinzi wa majengo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, tuna Tume yake, na natamani Tume hiyo ianzie hapo, kwenye madaftari, kabla ya kwenda kwenye kompyuta kubwa. Tapeli anayekupigia akakutaja kwa majina yako mawili hajadukua chochote. Huenda alisimama tu nyuma yako.

Kampeni ya Sitapeliki, ile ya kuwahimiza watu wajihadhari na matapeli wa simu, ina nia njema, na ile namba ya 15040 ya kuripoti ujumbe wa kitapeli inafaa kutumiwa na kila mtu, mimi huitumia. Ila neno lenyewe linaniwekea mimi mzigo. Linaniambia nisitapelike. Nataka kampeni ya pili inayoielekea kampuni: isiuze laini mbili kwa kidole kimoja, isiruhusu laini iliyowashwa juzi ipokee na kutoa malaki siku hiyohiyo, iwe na namba moja ya dharura ya wizi isiyo na muziki, itakayofunga hela iliyopokelewa hata kama iko mtandao mwingine.

Ombi langu kwa TCRA na Benki Kuu ni dogo kuliko hayo yote, na linaweza kutekelezwa robo mwaka ijayo. Taarifa za ulaghai zinapotolewa, pembeni ya idadi ya majaribio kwa kila mkoa kuongezwe safu tatu kwa kila kampuni, kwa jina lake: kiasi cha hela kilichoripotiwa kuibiwa, kiasi kilichorudishwa kwa wenyewe, na muda wa wastani kati ya simu ya mlalamikaji na hela kufungwa. Tukiziona namba hizo kampuni kwa kampuni, wateja tutajua laini ipi tuwanunulie wazazi wetu.